Sufuria Usimwachie Baba

Ndung'u,

Mataha ambayo Baba huiita ya Shosho si ya Shosho. Ni githeri niliyounguza. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata Tata Nyambura, dada ya Baba, hata yule rafiki yangu wa dawati moja niliyemwambia karibu kila kitu kingine. Kila Jumamosi ulikaa mezani ukimsikiliza Baba akisifu mkono wa mama yake uliohamia kwenye mkono wangu, na mimi nikitazama sahani. Ulidhani ni haya. Haya nilikuwa nazo, lakini nyuma ya haya kulikuwa na jambo hili.

Ninakuandikia kwa sababu kukuambia uso kwa uso siwezi. Unajua nilivyo. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, sauti inanitoroka. Wewe mwenyewe hucheka kwamba nikienda kununua nyanya, mwenye kibanda hulazimika kunikisia. Kwa kalamu angalau ninafika mwisho wa sentensi. Sasa umelala, begi lako liko mlangoni, na asubuhi unapanda gari la Olenguruone kuanza shule na kuishi na Baba. Sitaandika kuhusu soksi, wala marafiki, wala kufungua vitabu mapema. Hayo Tata ameshayasema, na mengine aliyasema kwa sauti ambayo hata jirani sasa anajua una nguo ngapi za ndani. Mimi nataka kuandika kuhusu chakula kilichobaki.

Utacheka kwamba nakuandikia kama mama. Cheka tu. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, na mvulana wa kwanza jina la baba ya baba. Ndiyo maana Baba huniita Maitu, yaani mama, tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Ndiyo maana pia Shosho alikuita mzee wake na kukukaripia mbele ya wageni: "Mzee wangu, leo tena umeloanisha godoro?" Wageni walikuwa wanacheka hadi chai inamwagika. Kwa majina, mimi ni Shosho na wewe ni bwana yake. Kwa vitendo wewe ni mtoto wangu. Mama yetu alituacha kabla hujajua kutembea, Shosho akatulea, na Shosho alipofariki nikiwa kidato cha pili, mwiko ukabaki mkononi mwangu kwa sababu hakukuwa na mkono mwingine.

Sikujua kupika. Watu hudhani msichana aliyelelewa na nyanya yake huzaliwa akijua kusonga ugali, lakini Shosho alinifukuza jikoni miaka yote. "Enda usome," alikuwa anasema, "sufuria haikimbii." Nilichojua ni kula. Nilijua kwamba githeri ya Ijumaa, mahindi na maharagwe yake, hubaki, na Jumamosi Shosho huichanganya na viazi na majani ya malenge, akaiponda, ikawa mataha. Nilijua mataha yake ina ladha ambayo sikuikuta kwa jirani yeyote, kama moshi wa mbali, halafu uchachu mdogo unaokuja ukishameza. Ilivyofika humo sikujua, wala sikuuliza. Ukiwa na mtu unadhani kuna wakati.

Baada ya mazishi Baba aliacha kula. Hakuwa mgonjwa, wala hakuanza pombe. Alirudi kutoka kinu cha posho, alikosaga mahindi ya watu, akiwa na unga kwenye nyusi, akanawa, akaketi, akanywa chai, akasema, "Nimeshiba, Maitu." Wewe ulikuwa unavuta sahani yake kabla hajamaliza kusema. Sikulaumu, ulikuwa mtoto na tumbo lako lilikuwa halina msimamo. Lakini mimi nilimwona siku moja akipasha msumari kwenye makaa na kutoboa mshipi wake tundu jingine, ndani zaidi. Alipoona ninamtazama alisema ngozi ya mshipi imelegea.

Nilipika kila nilichofikiri. Wali wangu ulitoka mgumu, na kabeji yangu uliiuliza kama ni mboga ama ni karatasi iliyonyeshewa. Nilijaribu mataha kwa maziwa, kwa siagi, hata kwa viungo vya pilau ambavyo mama wa nyumba ya pili alinipa kwa huruma. Baba alikuwa anaonja, anasema, "Iko sawa," anaweka kijiko chini. Katika nyumba yetu unajua "iko sawa" maana yake ni nini.

Sasa nikuambie siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, wewe umeenda mpira. Nilikuwa nimebandika ile githeri ya jana ipate moto, nikatoka nyuma kuanua nguo. Nikasikia sauti za wamama wa kanisa langoni. Walikuja kutuombea, watu wazuri kabisa, lakini walikuwa wengi, na nilijua wataniweka katikati, waniwekee mikono kichwani, waniulize ninaendeleaje. Nikaingia katikati ya mablanketi mawili yaliyoanikwa nikasimama humo.

"Hodi! Wenyewe wako?"

"Mlango uko wazi na jiko linawaka. Wako."

"Kale kasichana kako wapi? Wambui! Kuja tukuombee, mama!"

"Labda ametumwa dukani."

"Dukani na githeri iko kwa moto? Si itaungua."

"Itaungua kweli."

Na hakuna hata mmoja aliyeiepua, kwa sababu jikoni kwa wenyewe mgeni haingii akashika sufuria bila ruhusa. Waliimba, wakaomba, wakaimba tena. Nilisikia harufu ikibadilika nikiwa pale pale. Kwanza ilikuwa kama mahindi ya kuchoma, halafu ikawa kitu kingine. Miguu ilikataa kutoka. Walipoondoka, mama mmoja mzee alipita kando ya kamba ya nguo, akaona viatu vyangu chini ya blanketi, akasema polepole, "Haya basi, blanketi. Mungu akubariki." Kisha akaenda zake na hakumwambia mtu. Mpaka leo nikimwona kanisani namsalimia kwa mikono miwili.

Githeri ilikuwa imeshika chini ya sufuria. Chakula kingine hakikuwepo na Baba alikuwa njiani. Nilichota githeri ya juu bila kugusa ya chini, lakini moshi ulikuwa umeshaingia kote. Nikachemsha viazi, nikatia majani, nikaponda. Ikawa kavu. Nikatafuta maziwa, na maziwa ulikuwa umeyanywa wewe, usikatae. Kwenye jagi kulikuwa na uji wa jana, ule wa unga uliochachushwa, kiasi cha kikombe. Nikaumimina wote, nikaponda tena, nikafunika na kuanza kulia.

Baba aliketi. Akala kijiko kimoja, akaacha kutafuna. Nilidhani anatema.

"Maitu."

"Naam, Baba."

"Nani alikuonyesha hii?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Hakuna mtu, Baba, nilijificha kwa blanketi chakula kikaungua. Badala yake nikageuza kichwa upande wa ukuta ilipo picha ya Shosho.

"Alikuonyesha lini?"

"Zamani," nikasema.

Neno moja hilo tu. Baba akavua kofia, akaiweka kwenye goti, akala. Akaomba aongezewe. Aliporudia mara ya pili ulikuwa umefika na matope hadi magotini, ukauliza, "Na yangu?" Hakukuwa na yako. Ulikula mkate ukinung'unika kwamba nyumba hii sasa ina upendeleo. Mimi nilitoka nje nikaosha sufuria gizani, nikaisugua mpaka kucha zikauma, asiione.

Juma lililofuata nilitaka kufanya vizuri. Nilisimama juu ya githeri kama askari, nikaigeuza, haikushika hata kidogo. Uji niliutia uleule. Baba akaonja. "Iko sawa," akasema, akashika chai. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu akila, wakati mwingine halishi tumbo. Anatafuta mtu. Na huyo mtu alikuwa chini ya sufuria.

Kwa hivyo nikaanza kuunguza kwa makusudi. Ndung'u, kuunguza kwa makusudi ni kugumu kuliko kupika. Ukikosa kidogo unapata githeri ya kawaida, ukizidisha kidogo unapata dawa ya minyoo. Unakumbuka ile Jumamosi uliyoniita mama ukaniuliza, "Mathe, hii ni chakula ama ni adhabu?" Nilikuwa nimezidisha. Baba aliila akasema hata Mama alikuwa na siku zake.

Naandika sasa nilichojifunza, na usome hapa taratibu. Githeri iwe ya jana, iliyopoa vizuri na kulala mahali pa baridi. Huko kwa Baba baridi haitakosekana. Itie kwenye sufuria nzito, si ile nyepesi ya chai, na maji kidogo tu, kisha usikoroge. Wote wanaojua kupika watakuambia koroga, na kwa chakula kingine wana haki. Hapa ukikoroga, uchungu unasambaa. Ngoja harufu. Itaanza kama mahindi ya kuchoma ya barabarani, na hiyo bado. Ikianza kukukwaruza puani kama nguo iliyo karibu na pasi, epua mara moja, uikalishe sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Italia. Ikinyamaza, ukoko wa chini umeachia. Sasa unaona rangi tatu. Ya juu ni githeri, tia yote kwenye viazi na majani uliyochemsha. Ya katikati ni kahawia, kama ganda la mkate, hiyo ndiyo Baba anayoitafuta, kwaruza na utie. Nyeusi ya chini wape kuku wa mwenye nyumba, na kuku wakikataa, usilazimishe mtu.

Mle chumbani kwa Baba kuna gesi ndogo. Gesi inaunguza katikati peke yake kama muhuri, kando hakushiki, kwa hivyo tafuta jiko la makaa. Kuni huko hazikosekani, na makaa ya kuni zilizokwisha kuwaka ni mazuri zaidi. Mahindi yalaze majini usiku kucha, kwa sababu juu kule vitu havikubali kuiva haraka. Majani ya malenge baridi ikiyaua, usihangaike. Kando ya ua utaona thabai, ule mmea unaowasha. Uchume ukiwa umevaa mfuko wa plastiki mkononi, uuchemshe, ukishachemka hauwashi mtu tena na rangi yake ni nzuri kuliko ya malenge.

Jambo moja litakushawishi. Huko maziwa ni mengi. Jirani atakuletea, maana watu wa huko ni wakarimu, na utaona ni vibaya kutia uji wa jana wakati maziwa mapya yapo. Maziwa kunywa. Kwenye mataha tia uji.

Sasa kosa langu jingine, na hili halichekeshi. Kinu cha hapa mjini kilipofungwa na Baba akapata kazi Olenguruone, alianza kuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kila alipokuja mshipi ulikuwa umeingia ndani zaidi. Nikajua huko anaishi kwa chai na mkate. Nikaona nina akili. Jumapili moja nikampikia mataha nyingi, nikaijaza kwenye chombo cha plastiki ikitoka mvuke, nikakaza kifuniko, nikakifunga ndani ya sweta ili ifike moto. Nilijivunia lile sweta.

Chakula cha moto ukikifungia kinatoa jasho, na jasho lile ndilo linalokioza. Kilipofika kilikuwa kimechacha, si uchachu wa uji, uchachu mbaya. Baba akakila. Alijua kimeharibika, mtu aliyefanya kazi na nafaka miaka mingi hawezi kukosa kujua. Lakini akili yake ilimwambia cha Mama hakitupwi. Alitapika siku nzima, na kwa simu akaniambia ni baridi ya huko. Chombo alikirudisha kikiwa kimeoshwa, na kifuniko kikiwa bado na ile harufu. Harufu ndiyo iliyoniambia.

Hapo nilijifunza kwamba mtu wa kubana matumizi asiyejua kutupa ni hatari kuliko mbadhirifu. Sisi tumezoea kusifu aliyekula makombo. Ugali uliolala ukikatwa vipande na kuchomwa juu ya makaa ya mwisho, ukaliwa na chai, hauna mpinzani. Chapati ya jana ukiikata nyembamba na kuikaanga na kitunguu, umejipatia chakula kipya. Lakini chakula kilichokwisha kuharibika hakiokolewi na kitunguu, wala na heshima. Ukinusa na moyo wako ukaanza kukitetea, hapo ndipo utupe. Mimi nikinusa kitu na kusikia ndani yangu sauti inasema "lakini bado," nakimwaga kabla haijamaliza.

Baada ya hapo sikutuma tena chakula, na Baba akarudia chai yake. Halafu mwenye kinu akanipigia simu. Sikuwahi kukuambia yote aliyosema. Nilikuambia Baba amechoka kidogo. Alisema hivi:

"Wewe ndiye Maitu? Namba yako ameandika hivyo."

"Ndiyo."

"Skiza, msichana. Mzee wako amepata kizunguzungu leo akimimina mahindi. Ameangukia upande huu. Angeangukia ule mwingine, kwa mkanda wa mashini, saa hii tungekuwa tunaongea mambo mengine."

"Ndiyo."

"Mimi nampenda, anajua kazi. Lakini siwezi kuzikia mtu kwa kinu changu. Akianguka tena namrudisha nyumbani. Huyu mtu anakulanga nini?"

Nikasema, "Nitaona, boss," na simu ikakatika.

Kwa hivyo wakati wa kuchagua shule, nilipokuambia ile ya kutwa kule Olenguruone ina maabara nzuri, maabara ilikuwa kweli lakini haikuwa sababu. Nilikuhitaji uwe mle chumbani. Mimi nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na Tata anasema msichana mkubwa hawezi kulala chumba kimoja na baba yake, na ana haki. Ulikubali bila kuuliza maswali. Ninajua uliacha timu yako ya mpira kwa ajili ya maabara ambayo hujaiona. Sasa unajua ulichoiachia, na ukinikasirikia, kasirika, lakini upike kwanza.

Limebaki la Krismasi iliyopita. Tata Nyambura alipokuja kutoka Elburgon nilitaka kukimbia, maana yeye ni binti ya Shosho, alikula mataha ile utoto wake wote, na ulimi wake unaujua. Baba alimjazia sahani kwa mkono wake mwenyewe.

"Onja," akasema. "Halafu uniambie kama Mama amekufa."

Tata akatafuna. Akamtazama Baba, akanitazama mimi, akatafuna tena.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa."

"Si nilikuambia! Wewe ulidhani nimezeeka."

"Kuzeeka umezeeka. Lakini ni yeye."

Baadaye alinifuata nje nikiosha vyombo. Nilijaribu kuikalia ile sufuria. Aliichomoa chini yangu, akaiinua kwenye mwanga, akaona ule weusi wa chini. Nikangoja aniulize. Akachota majivu, akavingirisha majani makavu, akaketi kwenye kigoda akaanza kusugua, akacheka peke yake.

"Hii inanikumbusha ya Mama," akasema. "Sisi wasichana tuliisugua ile mpaka mikono ikatoka ngozi. Mama alikuwa anaenda kibarua kuvuna viazi kwa mashamba ya watu, anaacha githeri kwa moto ndogo. Anarudi imeshika. Kila Ijumaa! Atafanya nini, atupe? Anaponda, anamwagia uji uliobaki, anatuambia hivi ndivyo mataha inapikwa kwao, kwa watu wake."

"Na Baba?" nikauliza.

"Baba yako alikuwa kijana. Kijana angefanya nini jikoni? Alikuwa anaitwa chakula ikiwa tayari. Mama alituambia yeyote atamwambia hawa wavulana kwamba wanakula ukoko, atalala nje. Kwa sababu wakijua, hawatakula. Na wasipokula, kesho hawataweza kibarua chao cha kusukuma mbao." Akapindua sufuria, akaipiga mgongoni kama mtu anayesifu ng'ombe. "Mimi sijawahi kumwambia. Mpaka leo, na yeye ana mvi."

Kisha akanirudishia sufuria, safi, akaingia ndani. Sijui kama alijua. Nimefikiri sana na sijui. Alisema yote hayo bila kuniangalia, na mimi sikumwambia langu.

Unaona basi nilichobeba miaka hii. Nilidhani nimemwibia Shosho jina lake na kulibandika kwenye kosa langu. Kumbe hata yeye alikuwa anaunguza, naye alikuwa amechoka, naye alitafuta neno moja la kuwafanya watu wale. Hilo halinifanyi niwe msema kweli. Neno "zamani" lilikuwa uongo nilipolisema na bado ni uongo. Lakini siku hizi nikilikumbuka sitazami tena sahani.

Utaniuliza, sasa mbona tusimwambie? Ni mtu mzima, atacheka. Nami nilifikiri hivyo, nikawa tayari hata kuandika barua hii kwake badala yako. Halafu nikakumbuka "iko sawa." Siku Baba atakapojua, ile sahani itakuwa na githeri iliyoungua na uji wa jana, basi. Hataichukia. Ataila kwa adabu, ataweka kijiko chini, atashika chai. Na upande ule mwingine wa kinu bado kuna ule mkanda.

Labda mwaka mmoja atakuwa na nguvu za kutosha, atakuwa anakula kitu chochote, hata kabeji yangu, na wewe utaona kwamba wakati umefika. Wewe ndiye utakuwa naye, kwa hivyo nakuachia wewe kuamua, si sasa, siku hiyo. Kabla ya hapo, Jumamosi ukimpakulia, usiseme ni ya Shosho. Hilo usiliseme kabisa, sitaki uongo wangu uwe wako pia. Weka sahani tu. Atakuuliza nani alikuonyesha, na wewe utamwambia Wambui, na hilo ni kweli.

Ila kuna kazi moja ambayo katika familia hii imefanywa na wasichana peke yao, Tata na dada zake, kisha mimi, na sasa ni yako, wa kwanza wa kiume. Baba ni mtu mwema, akishakula atasimama akuambie, "Lete hivyo vyombo, kijana, wewe umepika." Mpe sahani, mpe vikombe na vijiko. Sufuria uwe umeshaisugua, kwa majivu, mpaka ing'ae, kabla hajaingia mlangoni. Na habari yangu ya blanketi na githeri iliyoungua iwe siri yetu wawili.

Dada yako,
Wambui